Marathoni za nje naziangaliaje mtandaoni bila kutapeliwa? Mzee wangu bado ana kinyongo cha Tokyo

Kijana_wa_Babati

Wakuu habari zenu, naombeni msaada na tafadhali msinicheke sana maana nshajicheka mwenyewe vya kutosha.

Niko Babati naishi na mzee wangu, ana miaka 71, alikuwa jeshini. Mpira haumhusu kabisa, Simba na Yanga anazijua kwa majina tu, yeye ni riadha. Ukimgusa kidogo anakuanzishia Filbert Bayi Christchurch 1974 mita 1500 kwa 3:32.16, anakupeleka Moscow 1980 Bayi na Nyambui na zile medali zao mbili za fedha, afu anamalizia kwa Juma Ikangaa New York 1989, saa 2:08:01. Hapo kwa Ikangaa lazima asimame, maana Ikangaa alikuwa mwanajeshi mwenzake na anasema habari waliipata redioni wakiwa kambini, kambi nzima ikapiga kelele.

Sasa mwezi wa tisa 2025 Simbu, yule mwanamarathoni wetu, alivyokuwa anakimbia mashindano ya dunia Tokyo nikamwahidi kwamba safari hii hasikii redioni, ntamwonyesha laivu. Kwa saa zetu ilikuwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15. Nikanunua bando la usiku, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, mzee kajifunga shuka, kahawa ipo, yaani kama mkesha. Naingia YouTube nakuta laivu kibao, nikachagua yenye watu wengi, imeandikwa LIVE kwa nyekundu kabisa na jina la mashindano. Tunaangalia kama dakika ishirini hivi, mzee kimya, afu akaniuliza "Japani sahizi saa ngapi?" Nikamwambia saa mbili kasoro asubuhi. Akasema "mbona hawa wanakimbia na mataa?"

Kucheki, kweli bwana. Giza, mataa ya barabarani, bahari iko pembeni. Baadaye ndo nikaja kujua ile ilikuwa marathoni ya Doha 2019, ile waliyoikimbia usiku wa manane kukwepa joto, jamaa kaichukua kairusha upya kama laivu. Kwa presha nikabofya linki iliyokuwa chini ya video, ikasema jisajili bure, nikajisajili, ikaomba namba za kadi eti kuthibitisha umri. Nikaweka ile kadi ya mtandaoni ya kwenye laini, ilikuwa na elfu tatu na mia tano, ikaenda yote na picha haikuja. Mzee akajivuta kwenda kulala saa tisa kasoro. Asubuhi jirani ndo anatugongea, Simbu kachukua dhahabu, 2:09:48, muda mmoja na yule Mjerumani Petros, wametenganishwa kwa picha ya mstarini. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia, na sisi tulikuwa tunaangalia Doha.

Mzee hakunilaumu. Alisema tu "bora tungewasha redio." Hiyo ndo imeniuma.

Sasa New York inakuja Jumapili ya kwanza ya mwezi wa 11, ya Ikangaa, nataka nijisafishe. Nina simu ya kawaida, TV ya nchi 32 yenye tundu la HDMI, 4G inayoyumba, na bajeti ya kama elfu ishirini. King'amuzi nilichonacho ni cha chaneli za bure tu. Njia ya uhakika ni ipi? Na hii VPN watu wanayoisema, ile ya kufanya mtandao udhani uko nchi nyingine, inafaa?

Chaurembo

Pole mkuu 😂😂 mzee anajua jua la Tokyo kuliko simu yako. Mi niliwahi kuangalia "fainali laivu" nusu saa nzima kumbe ni gemu ya kompyuta, mpaka nilipoona mashabiki wote wana sura moja.

Mama_Ratiba

Mwanangu pole. Usijilaumu, hao matapeli usiku wa mashindano makubwa ndo wanavuna. Mi nafuatilia riadha tangu nasoma sekondari, ntakwambia navyofanya.

Kwanza elewa kwa nini inakuwa ngumu. Haki za kuonyesha zinauzwa kwa vitalu, kama vitalu vya uwindaji. Huyu kanunua Marekani, yule kanunua Uingereza, mwingine kachukua Afrika kusini mwa Sahara yote kwa mkupuo. Ukiwa ndani ya kitalu cha mtu, video ya bure ya wenyewe waandaaji inakufungia, unaambiwa haipatikani nchini kwako. Siyo kwamba simu mbovu. Kwa hiyo swali lako lisiwe "naangalia wapi bure", liwe "mwenye kitalu chetu kwa mashindano haya ni nani", maana hata mwaka hadi mwaka anabadilika.

Jibu la hilo swali haliko kwa watu wa mitandaoni, liko kwenye tovuti ya mashindano yenyewe. Wiki moja au mbili kabla, wanaweka ukurasa wa nchi na chaneli. Unashuka mpaka Afrika, unasoma jina. Kama ni chaneli ya kulipia basi unajua bei yako. Kama nchi yetu haijanunuliwa na mtu, hapo ndo raha, mara nyingi waandaaji wanafungua kwenye YouTube yao wenyewe. World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wanafanya hivyo kwa mashindano yao mengi, Diamond League nao hivyohivyo, sehemu zisizo na mnunuzi wanarusha bure. Ila uingie kwa kuanzia tovuti yao, ubofye kutoka humo kwenda YouTube, usitafute kwa maneno. Ukitafuta kwa maneno ndo unakutana na Doha.

Na angalia chaneli yenyewe, ina video ngapi za nyuma, imeanza lini. Chaneli iliyoanza juzi ina video moja tu, toka mbio. Popote panapoomba kadi kuthibitisha umri, toka pia. Bure ya kweli haiombi kadi.

Sasa saa, hapa ndo watu wengi wanalia. New York wanaume wanaanza saa 3:05 asubuhi kwa saa za kwao, wanawake nusu saa kabla. Miezi mingi ya mwaka sisi tunawazidi wale wa New York saa saba. Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba ndo siku wanayorudisha saa nyuma, yaani usiku wa kuamkia marathoni yenyewe, basi tofauti inakuwa saa nane. Ukipiga hesabu ya jana yake unakaa mbele ya TV saa nzima unaangalia watu wanapasha misuli. Hiyo siku wanawake ni saa 10:35 jioni kwetu, wanaume saa 11:05. Weka alamu kwa hizo.

Nyingine kwa faida ya wengine, hizi zinatofautiana dakika kidogo mwaka na mwaka: Berlin huwa kwenye saa nne na robo asubuhi yetu, London kabla ya saa sita mchana, Chicago saa tisa na nusu alasiri, Boston saa kumi na nusu na ushee jioni. Zote muda mzuri kwa mzee. Ya Tokyo ya mwezi wa tatu ndo ya mateso, saa tisa usiku.

Fundi_Dishi

Mama kamaliza kwenye haki, mi niongezee kwenye mitambo maana watu wanalipia afu picha hawaioni

Mkuu usinunue waya wa HDMI wa simu kabla hujajua simu yako inatoa picha au haitoi, simu nyingi za bei ya chini tundu la chaji ni la chaji tu halitoi picha nje, watu wananiletea kila wiki waya mpya hata haujachafuka. Kama TV yako ina YouTube ndani basi washa hotspoti kwenye simu uiunganishe TV moja kwa moja, mchezo umeisha. Kama haina tafuta kile kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI. Na apu nyingine za kulipia zinakataa kupeleka picha kwenye TV makusudi, simu inaonyesha ila TV nyeusi na sauti unaisikia, hapo hamna fundi wa kukusaidia ni wao wenyewe wamefunga

Bando: usiache iamue yenyewe. Bofya kigurudumu weka ubora wa picha 360 au 480. Kwa 360 marathoni nzima ya masaa mawili na kidogo kwangu huwa inakula kama robo tatu ya GB, 480 GB moja na nusu hivi, ukiweka 720 andaa GB tatu na hutaona tofauti kubwa kwa TV ya nchi 32 na macho ya mzee, samahani mzee. 144 usiweke utaona vivuli vinakimbia

Afu strimu inachelewa nusu dakika mpaka dakika nzima nyuma ya tukio, kwa hiyo zima data ya WhatsApp au weka simu nyingine mbali, otherwise unaona hongera hongera kwenye grupu wakati kwako bado wako mita mia tano

Kwa_Kona_Iten

Salamu kutoka Iten, Kenya. Kwanza hongera kwa Simbu, huku kwetu marathoni kubwa ikiwa hakuna mtu shambani, hata wale wanakimbia wenyewe wanakuja kwa hoteli kuangalia wenzao, na siku hiyo ya Tokyo tulinyamaza kidogo halafu tukapiga makofi. Mtu amekimbia mpaka mwisho, utafanya nini.

Mimi nataka kumwambia huyu ndugu kitu moja hawajasema. Usitegemee picha peke yake. Hizi mbio kubwa zote ziko na apu yao ya bure, New York iko nayo, Chicago, London, Boston. Unaandika jina ya mkimbiaji, inakuletea muda wake kila kilomita tano, na hii haifungwi na nchi, hata uko wapi inafanya. Inakula data kidogo sana, hata 3G inatosha.

Nakumbuka Oktoba 2023 Kiptum akikimbia Chicago. Nilikuwa kwa matatu natoka Eldoret, hakuna video, niko na namba tu. Kilomita 30 ikaingia sawa, halafu 35 ikaingia, nikatoa hesabu, dakika 13 na sekunde 51 kwa kilomita tano. Baada ya kilomita thelathini! Nikafikiri apu imeharibika. Nikaionyesha mzee alikuwa amekaa kando yangu, yeye aliwahi kukimbia, akachukua simu akaangalia, akarudisha, akasema "hiyo si makosa, huyo kijana anaenda." Akamaliza 2:00:35. Video niliiona jioni, lakini nakwambia ile raha ya namba kwa matatu sijaipata tena. Tulimzika Februari iliyofuata, Mungu amlaze pema.

Kwa hivyo mpe mzee karatasi na kalamu, wewe unasoma namba, yeye anaandika. Mzee wa riadha atafurahia hiyo kuliko wewe unafikiri.

Nyuki_Mkali

mnamzungusha tu mtoto wa watu, weka VPN ya bure chagua Uingereza au Marekani angalia kila kitu bure, mi mwaka wa tatu huu sijalipa hata mia

Mama_Ratiba

Nyuki, VPN ya bure siyo bure. Wewe ndo unalipa kwa data yako kupita mikononi mwa usiowajua. Pili hizo huduma za nje masharti yao yanakataza, wanazijua anwani za VPN za bure wanazifunga, mara nyingi unapata duara linazunguka tu. Na tatu TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walishatoa tangazo Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Huyu kaomba njia ya uhakika ya kumwonyesha mzee, hujamsaidia kumpa njia ya kubahatisha.

Nyuki_Mkali

sawa mama, ila duara kwangu halizunguki

Binti_wa_Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Miye niko Maskati, nimecheka na mzee na mataa ya Doha mpaka mume wangu kaja kutazama nina nini. Huku VPN ya mtu binafsi si kitu cha kuchezea, sheria ipo, kwa hiyo sisi tumezoea kulipa tu, beIN kwa dishi au TOD kwa simu, ghali lakini roho imetulia. Na huko nako si kila kitu kimo, riadha mara nyengine huioni ng'o, mpira tu kutwa. Kwa hiyo usidhani walioko nje wote wanaona kila kitu, kila mtu na kitalu chake kama alivosema mama hapo juu.

Msalimie mzee. Babu yangu naye alikuwa hivohivo, ila yeye ni ngalawa.

Jersey_Mnyaturu

Kijana wa Babati mi ni mtu wa Singida, niko New Jersey mwaka wa 14 sasa. Simbu ni mtoto wa nyumbani Ikungi kwa hiyo ile Tokyo niliangalia nikiwa nimejifungia chooni kazini, ilikuwa Jumapili jioni huku. Ule mwisho wakaingia uwanjani yule Mjerumani yuko mbele nikasema basi fedha nayo siyo haba, afu Simbu akamfuata, wakajitupa mstarini, hakuna aliyejua, Simbu mwenyewe anaangalia juu kwenye skrini. Jina lilipotokea nikapiga kelele msimamizi akaja kugonga mlango.

New York huku inaonyeshwa na ABC ya New York, chaneli 7, antena ya kawaida ya dirishani sihitaji hata intaneti. Kasoro yao ni matangazo ya biashara, wako kilomita ya 30 kamera inakwenda kukuonyesha dawa ya mgongo. Kukurushia picha kwa simu siwezi, hiyo siyo halali na WhatsApp ingekatakata. Ila kuongea naweza. Kama mambo yakikuharibikia huko nipigie, ntamtangazia mzee kwa mdomo. Nakutumia namba pembeni.

Kijana_wa_Babati

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea. Nimepitia tovuti ya mashindano nikakuta jina la mwenye Afrika, ni chaneli ya kulipia, kifurushi chenye hiyo chaneli kinapita elfu ishirini yangu mbali. Lakini shemeji yangu hapa Magugu anacho, anaangaliaga mpira wa Uingereza. Shida Jumapili saa 11 jioni ni saa za mpira wake.

Chaurembo

Shemeji anahongwa mkuu, peleka kuku.

Kijana_wa_Babati

MREJESHO

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi, samahani ni ndefu.

Kuku nilipeleka. Shemeji akakubali kwa sharti kwamba mapumziko ya mpira tu ndo anachungulia, kumbe baadaye hakurudi kwenye mpira kabisa. Saa kumi na nusu tulikuwa tumekaa, saa za Mama Ratiba zilikuwa sahihi kwa dakika, asante sana mama, maana shemeji alikuwa anabisha kwamba ni saa kumi na mimi karibu niyumbe.

Mzee aliona daraja la Verrazzano akanyamaza kabisa. Nilidhani hajapenda. Kumbe miaka yote hii alikuwa anasikia New York New York hajawahi kuona wanapoanzia, akaniuliza "Ikangaa alipita hapa?" Nikamwambia ndiyo, ni hapohapo. Akamwambia na mke wa shemeji, na mtoto, kila aliyepita sebuleni akaambiwa Ikangaa alipita hapa.

Nilimpa daftari kama ndugu wa Iten alivyosema. Apu nimeifungua kwenye simu, mi nasoma, yeye anaandika mistari miwili, wanawake juu, wanaume chini. Mwandiko wa kijeshi, namba zimenyooka. Wanawake wakawa Wakenya watatu mbele, Obiri, Lokedi na Chepkirui, mzee anapiga hesabu anasema hawa leo wanavunja kitu.

Saa moja kasoro robo umeme ukakatika.

Sebule nzima kimya, afu mtoto akaanza kulia. Wanawake wako mwishoni kabisa, wanaume wamebakiza kama nusu saa. Nikafungua apu inazunguka, mnara nao sijui uliishiwa betri au nini, mtandao ukabaki E, ule wa kinyonga. Nikasema yale yale ya Tokyo yamerudi. Mzee akasema taratibu "si ulisema kuna mtu Marekani?"

Nikapiga simu. Video hakuna, sauti tu, na yenyewe inakatika katika. Jersey_Mnyaturu akapokea kwa mlio wa kwanza, nadhani alikuwa ameikalia. Nikaweka spika, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai kama ile siku.

Wakuu. Huyu jamaa ni mtangazaji aliyepotea njia. Anasema Obiri na Lokedi wako ndani ya bustani, Central Park, mti kulia mti kushoto, Obiri anatazama mbele tu, Lokedi anabaki, anabaki, Obiri peke yake. 2:19:51, rekodi ya njia ile. Lokedi wa pili, Chepkirui wa tatu. Akasema rekodi ya zamani ilikuwa ya Margaret Okayo 2:22:31 tangu 2003, mzee akasema "andika" na yeye mwenyewe ndo mwenye kalamu.

Kwa wanaume ikaja Kipruto na Mutiso. Anasema wako bega kwa bega, matangazo ya biashara yakaingia akatukana kwa Kinyaturu, mzee akacheka mpaka akakohoa. Wakarudi. Kipruto anaondoka, anaondoka, kamwacha, afu hapo sauti ikapanda "Mutiso anarudi, mzee Mutiso anarudi, anarudi, ana..." na simu ikakata.

Nilitetemeka kupiga tena. Ikaita mara nne. Akapokea anahema kama yeye ndo kakimbia, anasema hawajui, hawajui bado, wanaangalia, aa, Kipruto! Benson Kipruto! Wote 2:08:09. Muda mmoja.

Mzee kimya. Taa ya chemli mezani, kashika kalamu. Afu akasema "Ikangaa alikimbia 2:08:01. Hawa wote wawili angewaacha." Akaandika chini ya ukurasa kabisa, Ikangaa 1989, 2:08:01, akapiga mstari.

Nikataka kumshukuru jamaa nimwache aendelee na mambo yake, mzee akakataa, anasema Kipchoge bado yuko njiani, huwezi kuondoka mwenye heshima zake hajafika. Basi tukasubiri na salio linakatika. Akaingia wa 17, 2:14:36. Mzee akavua kofia. Sebuleni, gizani.

Umeme ulirudi saa tatu. Shemeji akauliza kama anatafuta marudio, mzee akasema hapana, ameshaona.

Kwa_Kona_Iten

Hii nimesoma kwa sauti hapa hotelini, wamesimama wote. Mwambie mzee ya Ikangaa tumekubali, hiyo njia iko na milima na madaraja, 2:08:01 ya 1989 si mchezo.

Fundi_Dishi

mkuu nunua kibetri cha akiba cha ruta na TV ndogo ya 12V inakaa masaa manne njoo inbox nikupe bei

Mama_Ratiba

Fundi na biashara yako hata hapa! Mwanangu umefanya vizuri. Wewe Jersey nawe, mama yako anajua unatukana Kinyaturu hewani?

Jersey_Mnyaturu

Mama nisamehe, lile tangazo lilikuwa la godoro. Mzee wa Babati kanipigia mwenyewe jana, kaazima simu ya jirani, anauliza Boston lini. Nimemwambia Jumatatu ya tatu ya mwezi wa nne, saa kumi na dakika kama 37 jioni kwenu. Tatizo ile ni sikukuu ya Massachusetts, sisi New Jersey tunafanya kazi kama kawaida. Nimeshaanza kumlainisha msimamizi.

Kijana_wa_Babati

Kumbe ndo maana jirani ananidai vocha 😂